Nimechoka, na kanisani wanasema nimepoa

Mchungaji, Bwana asifiwe.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunakaa Umoja, ghorofa ya nne, nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Nafanya kazi ya uhasibu mjini.

Ratiba yangu ni hii. Naamka saa kumi kasorobo alfajiri kwa maombi ya simu ya kina mama, yanayoanza saa kumi na kwisha saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi na mbili kasorobo niko stejini. Saa moja na nusu nimeshafika mjini, na kazi inaanza saa mbili. Jioni narudi saa moja na nusu, nakula, naangalia homuweki ya watoto, halafu nashika simu za kanisa, maana mimi ndiye mweka hazina wa kina mama na kuna vikundi vitatu vya WhatsApp ambavyo lazima nijibu. Nalala saa tano na robo. Jumatano kuna ushirika wa nyumbani. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni kesha. Jumamosi saa nane ni mazoezi ya kwaya. Jumapili naimba ibada zote mbili, kisha nahesabu mchango wa kina mama, nafika nyumbani saa tisa.

Mwezi uliopita nilimwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba naomba kupumzika kidogo. Akanijibu kwamba shetani hapumziki, na kwamba nimeanza kupoa. Niliumia sana. Jumamosi moja asubuhi nikaenda msitu wa Karura na Biblia yangu, nikitaka faragha na Mungu. Nilisinzia kwenye benchi. Nilipoamka nikashika simu, nikaanza kuwaza tokeni za stima na karo, na baada ya saa moja nikarudi nyumbani nikiwa na hatia kuliko nilivyotoka. Sikusikia chochote.

Watoto si shida, nina dada wa kazi mzuri ambaye yuko nao siku zote hata Jumapili. Shida ni mimi. Je, kupumzika ni uvivu wa kiroho? Na mtu wa nyumba ya chumba kimoja katika jiji hili anapata wapi faragha?

Mama wa Wawili, Umoja

*

Bwana asifiwe sana, dada.

Wewe ni mhasibu, basi tuanze na vitabu vyako. Kutoka saa tano na robo usiku hadi saa kumi kasorobo ni muda wa saa nne na nusu. Kwa siku tano za kazi umelala saa 22 na nusu. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku, yaani 35. Kwa hiyo kila Ijumaa unafunga wiki ukiwa na deni la saa 12 na nusu, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi unaweka kesha juu ya deni hilo. Kule Karura hukushindwa kuomba. Mwili ulipata benchi na kimya, ukachukua ulichokuwa ukidai.

Soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya amefika mwisho, amekaa chini ya mretemu, anamwambia Bwana, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Malaika hakumpa andiko wala hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akajilaza tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno yale yale ya chakula. Ile "sauti ndogo, ya utulivu" tunayoipenda kuihubiri ilikuja baada ya usingizi, milo miwili, na safari ya siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu. Wewe ulitaka kuanzia Horebu ukiwa hujala wala hujalala.

Pumziko na faragha ni vitu viwili, na anayevichanganya hukosa vyote. Pumziko ni la mwili na kazi zake: kulala, kula, kuacha kuzalisha. Faragha ni kuwa peke yako mbele za Mungu ukiwa macho. La kwanza hulibeba la pili. Usipange faragha yoyote ndefu kabla hujamaliza wiki tatu za usingizi wa kutosha.

Kuhusu shetani kutopumzika, mwenyekiti wako amesema kweli kwa nusu. Ayubu 1:7 inamwonyesha akitoka kuzunguka-zunguka duniani na kutembea huku na huku humo. Lakini hiyo ni tabia yake, hakuna aya inayotuagiza tuige. Aliyetuagiza ni Bwana, tena aliwaagiza watumishi waliokuwa wametoka kazini. Katika Marko 6 mitume wamerudi kutoka kuhubiri wawili wawili, wanatoa ripoti ya yote waliyotenda, na jibu analowapa ni, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Sababu imeandikwa hapo hapo: watu walikuwa wengi, wakija, wakienda, hata haikuwapo nafasi ya kula. Hiyo si Jumapili yako kabisa?

Endelea kusoma sura hiyo, kwa sababu watu wengi huishia hapo kwenye mstari wa 31. Pumziko lile lilikatizwa. Watu walikimbia kwa miguu wakafika kabla ya mashua, Yesu akawahurumia, akafundisha, akalisha wanaume elfu tano. Ungesema siku imeharibika. Lakini ukifika mstari wa 45 na 46 unamkuta jioni hiyo hiyo akiwapandisha wanafunzi mashuani, akiagana na watu, na kwenda mlimani kuomba peke yake. Kumbe alikuwa hajaiacha miadi, ameisogeza tu. Hiyo ndiyo kanuni ya mtu mwenye watoto na jirani: ukikatizwa, weka saa nyingine kabla ya siku kwisha. Ukisema "nitafanya wiki ijayo", umeshaipoteza.

Sasa tukate. Maombi ya simu ya alfajiri, hudhuria Jumanne na Alhamisi, siku nyingine amka saa kumi na moja. Kitandani uwe saa nne kasorobo. Ukifanya hivyo, siku tatu unalala saa saba na robo na siku mbili unalala saa sita, jumla 33 na dakika 45. Deni linabaki saa moja na robo, ambalo usingizi mmoja wa Jumamosi adhuhuri unalilipa kabla ya kwaya. Usitamani kufidia wiki nzima kwa kulala Jumapili hadi jioni. Utaamka na kichwa kizito, usiku usingizi utakataa, na Jumatatu utaanza vibaya zaidi. Chai ya rangi na kahawa, mwisho saa nane mchana. Nusu ya kafeini ya kikombe huwa bado iko mwilini kama saa tano baadaye.

Saa ya kulala ndiyo itakayokushinda, si ya kuamka. Nimeangalia jioni yako, na kinachokula usingizi hapo ni uweka hazina. Michango inaingia kwenye simu yako, mama mmoja anauliza kama yake imefika, wa pili naye anauliza, unafungua daftari, unajibu, inafika saa tano. Hilo lina dawa ya kihasibu. Omba kikundi kiwe na laini yake, au nambari ya kulipia, ili pesa za kina mama zisichanganyike na zako. Kila anayetuma hupata ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe, saa na nambari ya muamala. Hiyo ndiyo risiti yake, haihitaji uthibitisho wako usiku. Kisha tangaza kwamba orodha kamili itatumwa mara moja kwa wiki, Jumamosi saa tatu asubuhi. Wiki mbili za kwanza watalalamika. Ya tatu watazoea. Simu ilale sebuleni, si kando ya mto, na kama unaitumia kama kengele ya kuamkia, nunua saa ndogo ya kengele.

Kesha usiliache, ila lifanye kwa akili. Lala kidogo jioni kabla ya kwenda, kama saa moja na nusu. Jumamosi inayofuata kesha usiende mazoezi ya kwaya. Mtu aliyekesha huimba vibaya na hukasirika upesi, kila mwanakwaya anajua hilo ingawa hakuna anayelisema. Na usiunganishe kesha na mfungo wa siku tatu kwa sababu tu imetangazwa hivyo. Bwana alisema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu, na aliyasema hayo kwa watu waliokuwa wakisinzia katika maombi ya usiku.

Jumapili kwako si siku ya pumziko, ni siku ya zamu. Hakuna ubaya, makuhani nao walifanya kazi hekaluni siku ya Sabato. Lakini lazima pumziko likae mahali fulani kwenye kalenda. Mimi ningeanzia Jumamosi jua likizama, ambalo hapa Nairobi ni karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Katika Mwanzo 1 siku inahesabiwa hivyo, ikawa jioni ikawa asubuhi, yaani siku inaanza na kulala. Jumamosi mchana fanya kama Israeli walivyoambiwa kuhusu mana katika Kutoka 16: siku ya sita waliokota maradufu, wakaoka na kuchemsha kabla. Kwa lugha ya Umoja, sare zipigwe pasi, tokeni zinunuliwe, githeri au maharagwe yachemshwe ya kutosha milo miwili, maji yajazwe kwenye mitungi ikiwa zamu ya maji kwenu ni Jumapili. Watu husema Sabato iliwashinda, kumbe ni Jumamosi ndiyo iliyowashinda.

Jumapili imba ibada ya kwanza pekee. Kuhesabu mchango kufanywe kwa zamu, wewe na naibu wako mkipokezana Jumapili kwa Jumapili, kila mmoja na shahidi. Hata bila suala la uchovu, pesa za kanisa hazipaswi kuhesabiwa na mtu mmoja, na daftari linaloeleweka na mtu mmoja tu ni hatari kwa kikundi na kwako. Utakuwa nyumbani adhuhuri badala ya saa tisa. Baada ya chakula, hakuna kufua, hakuna simu za kikundi, hakuna kuandaa Jumatatu hadi jioni. Runinga siikatazi, ila angalia unavyojisikia ukiizima: kama umechoka kuliko ulivyokaa, haikuwa pumziko.

Namna ya kumwambia mwenyekiti ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwambie uso kwa uso, usitume ujumbe kikundini, wala usimvizie dakika tano kabla ya ibada. Sema jambo lenye tarehe: "Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitaimba ibada ya kwanza pekee, na Jumamosi ya baada ya kesha sitakuja mazoezi. Baada ya miezi mitatu tuongee tena." Ukiulizwa sababu, toa moja: nalala saa nne na nusu na mwili umekataa. Ukitoa tatu, watachagua ile dhaifu na kuijadili hadi ukubali. Akikwambia hakuna sauti ya kutosha, mkumbushe kwa upole kwamba Eliya naye alidhani amebaki peke yake, na Bwana akamwambia kuna 7,000. Mwambie pia habari ya Yethro katika Kutoka 18, aliyemkuta mkwewe akiketi kuamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia wazi kwamba atachoka yeye na kuwachosha watu. Musa hakumjibu kwamba amepoa. Aliteua wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, akaendelea na kazi.

Tuje kwenye faragha. Swali lako la chumba kimoja ni swali la kweli, maana Mathayo 6:6 inataja chumba cha ndani na mlango wa kufunga, na wengi wetu chumba cha ndani ndicho hicho hicho cha watoto. Lakini una hazina ambayo hukuiona: nusu saa kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi, tayari uko mjini, na hakuna anayekutafuta. Basilika ya Familia Takatifu iko hapo katikati. Kama wewe si Mkatoliki, benchi halitakuuliza dhehebu. Kaa nyuma kabisa, na wakiwa kwenye misa nyamaza nao. Siku ambayo huwezi kufika huko, kaa mahali popote ambapo hakuna anayejua jina lako. Jumapili alasiri panda juu ya paa mnakoanika nguo. Petro alipanda darini kuomba, yapata saa sita ya mchana, na kule pia palikuwa mjini.

Dakika 15 zinatosha, siku tatu kwa wiki. Zima simu kabisa, usiiweke tu kimya, kwa sababu mkono unajua njia ya kuifikia. Tumia saa ya mkononi. Dakika mbili za kwanza kaa tu, miguu sakafuni, pumua, usiseme kitu. Kisha soma kifungu kifupi mara tatu kwa sauti ya chini. Aya nne au tano, si sura. Zaburi 131 ina aya tatu tu, anza nayo wiki nzima. Dakika tano baada ya hapo nyamaza na neno moja ulilobaki nalo. Dakika za mwisho zungumza na Mungu kwa maneno ya kawaida, bila zile sauti za kwenye maikrofoni.

Yatakuja mambo. Tokeni za stima zitakuja, na karo. Kuwa na kijitabu, liandike wazo hilo kwa maneno mawili, urudi kwenye neno lako. Usipigane nalo, kulipinga ni kulikaribisha likae. Usingizi ukikujia, lala. Ukija siku nne mfululizo, ujue hesabu ya usiku haijakaa sawa. Machozi nayo yanaweza kuja bila sababu unayoijua, hasa wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu kelele ilikuwa imeyafunika. Yaache yatoke.

Halafu kuna uchoshi. Huo ndio unaowarudisha wengi nyumbani. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399, aliueleza vizuri: humjia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane, jua likaonekana haliendi, siku ikawa kama ina saa hamsini, akaanza kuchungulia dirishani na kufikiria mahali pengine ambapo angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Wao walihesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo saa nne yake ndiyo saa nne yetu. Dawa aliyowapa ilikuwa ndogo na ngumu: baki ulipo. Usiongeze muda kujithibitishia, usipunguze kwa sababu hukuhisi kitu. Dakika 15 zikiisha, inuka uende kazini. "Sikusikia chochote" si ripoti ya kushindwa. Zaburi 131 nayo haitaji sauti yoyote, inataja mtoto aliyeachishwa ziwa ametulia kwa mamaye.

Karura utarudi, lakini baada ya miezi miwili, na si kwa saa moja. Tenga asubuhi nzima ya Jumamosi isiyo ya kesha, saa tatu hadi saa saba. Nenda na rafiki mmoja kwa usalama, mkubaliane kutosemezana, mkae mahali mnaonana kwa mbali. Lipia kwa simu langoni, kisha izime. Beba maji lita moja, chapati, matunda. Siku hiyo usifunge. Saa ya kwanza tembea tu, usifungue Biblia. Mwili uliokaa kwenye matatu wiki nzima unahitaji kutembea kabla haujaweza kukaa. Ukitaka mahali penye ukuta na kimya kilichopangwa, kuna Bustani ya Ufufuo na nyumba ya Mwangaza ya Wajesuiti, zote upande wa Karen, na Brackenhurst huko Tigoni, Limuru. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea mtu wa siku moja asiyelala, kama bei ina chakula cha mchana, na kama siku hiyo kuna kongamano, maana ukikuta vijana mia mbili na spika utajuta nauli.

Ukifuata usingizi huu kwa wiki nne na bado unaamka umechoka, nenda hospitali upimwe damu, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu kwa kina mama hujifanya uchovu wa kiroho kwa miezi. Na ukijikuta na huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, au ukatamani kama Eliya kutoamka, usisubiri safu ya ushauri. Mwone daktari au mshauri siku hiyo, na umwambie mtu wa karibu.

Nimebakiza watu wawili. Mume wako ametokea katika barua nzima kwenye neno moja, "nimeolewa". Mwonyeshe ile hesabu ya saa 22 na nusu, kwa kalamu na karatasi. Mwombe jambo moja linalopimika: Jumapili alasiri watoto ni wake, kuanzia chakula hadi kuoga.

Wa pili ni dada wa kazi, ambaye yuko na watoto "siku zote hata Jumapili". Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 imemtaja waziwazi: mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika kama wewe, kwa sababu nawe ulikuwa mtumwa Misri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kama faragha yako inasimama juu ya mgongo wa msichana ambaye hana siku yake, tumebadilisha tu aliyechoka. Mpe Jumapili, bila kumkata mshahara. Aende na nauli mkononi, arudi saa kumi na mbili jioni, na akiwa huko usimpigie simu kumuuliza sufuria kubwa iko wapi.